Mama Alisoma Makala Yangu

Voi haina baridi. Hata mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeanza, ukishuka kwenye treni joto linakupokea kabla ya watu wa bodaboda. Kwa hivyo nilipofika nyumbani Ijumaa Kuu nikamkuta Mama ameketi barazani amevaa sweta, ile nzito ya sufu anayoiweka kwa ajili ya safari za Wundanyi kule milimani, nilicheka. Nikamwuliza kama anajiandaa kuhamia Ulaya.

Hakucheka. Alinitazama kwa muda kama mtu anayengoja swali lirudiwe, kisha akasema polepole, "Karibu mwanangu. Umekuja na gari gani?"

Nilikuwa nimemwambia mara mbili kwa simu kwamba nakuja na treni.

Sauti yake ilikuwa nzito, imekwaruza. Uso ulikuwa umejaa, hasa chini ya macho. Jioni alianza kukuna nazi ya wali, na nilipotoka kuoga nikamkuta amesinzia ameegemea ukuta, kifuu mkononi. Mama yangu huyu, ambaye huamka saa kumi na moja kupanga maembe na ndizi kibandani kwake kabla mabasi ya Mombasa hayajafika.

Mimi si daktari. Nilisoma baiokemia miaka mitatu katika chuo kikuu kimoja Nairobi, nikatoka bila digrii, na siku hizi naandika nikilipwa kwa hesabu ya maneno. Lakini hata aliyetoka chuo kwa mlango wa nyuma anajua sweta Voi ina maana gani kwa mtu aliyetolewa tezi ya shingo. Usiku huo nikafungua kabati ya jikoni kutafuta vidonge vyake. Nilivipata ndani ya mkebe wa majani chai: pakiti moja imeliwa nusu, mbili hazijafunguliwa.

Asubuhi nikamwuliza. Akavaa miwani, akachukua simu yake, akatafuta kwa kidole kimoja, akanipa.

"Si wewe mwenyewe uliandika?"

Juu ya kioo, chini ya picha ya seli zambarau, kulikuwa na jina langu.

*

Wacha nirudi nyuma kidogo.

Mama aligunduliwa na saratani nikiwa mwaka wa pili. Tezi yenyewe iko mbele ya koo, ina umbo la kipepeo. Vitabu vya Kiswahili huiita dundumio, hospitalini kila mtu anasema thairoidi, na nyumbani tuliita tu "ile ya shingo". Yake ilikuwa na uvimbe ambao kwa miaka tuliudhania kuwa rovu la kawaida. Vipimo vikasema ni saratani ya papilari, ambayo ndiyo inayopatikana zaidi kwenye tezi hiyo na mara nyingi hutibika. Daktari akamwambia kwamba kama ni lazima mtu apate saratani, basi heri apate hii. Sentensi hiyo Mama hajaisamehe mpaka leo.

Wakaitoa tezi yote. Bima ililipa kiasi, harambee ikaziba pengo, na pengo lililobaki nililiziba mimi kwa karo yangu ya muhula. Hakuna aliyeniomba. Nilituma nikijua nitajipanga muhula ujao, na muhula ujao ukaja na deni la muhula uliopita mgongoni. Kama umewahi kusoma kwa mkopo na maombi, unajua hiyo hesabu inaishia wapi. Mwaka wa tatu nikaacha kuingia maabara, nikaacha kujibu barua pepe za idara, nikawa mwandishi wa kujitegemea. Ni jina zuri la mtu asiye na kazi lakini ana laptopu.

Mama anajua. Hatujawahi kulizungumza, lakini kila akiniona anaangalia mikono yangu kama anatafuta kitu alichokichukua bila kuniuliza.

*

Ile makala niliiandika usiku mmoja mwezi wa pili. Mteja wangu, tovuti ya afya ya Kiswahili, alitaka "kitu kipya kuhusu saratani", maneno 1,200, kabla ya saa nne asubuhi. Shilingi moja kwa neno. Kodi ya bedsita ilikuwa imepita siku nane na mlinzi alikuwa ameanza kunisalimia kwa jina la mwenye nyumba. Ningeweza kuandika kuhusu faida za tangawizi. Lakini nilitaka, mara moja tu, kuandika kitu ambacho watu tuliosoma nao wangekisoma bila kunionea huruma. Nikachagua homoni ya thairoidi na jinsi inavyozungumza na seli za saratani.

Na manze, hiyo hadithi ni tamu.

Homoni ya tezi hii inaitwa thairoksini. Wanakemia huiita T4, kwa sababu kila molekuli imebeba atomi nne za iodini. Ikifika kwenye viungo, atomi moja inachomolewa inakuwa T3, ambayo ina nguvu zaidi. Kwa muda mrefu vitabu vilieleza njia moja kubwa: homoni inaingia ndani ya seli, inafika kwenye kiini, inakaa juu ya kipokezi chake, na kipokezi kinawasha au kuzima jeni. Hiyo ni kazi ya saa na siku.

Mwaka 2005 kundi la Paul Davis, kule Albany katika jimbo la New York, likaonyesha kwamba kuna mlango mwingine, ukutani mwa seli, upande wa nje. Mlango huo ni protini iitwayo integrini, aina ya alfa-v-beta-3. Kazi yake ya kila siku ni kuishikiza seli kwenye vitu vinavyoizunguka. Lakini ina kijishimo ambapo T4 inaweza kutua bila hata kuingia ndani. Ikitua, habari inapita upande wa pili wa ukuta: protini moja inambandika jirani yake kipande cha fosfeti, jirani anaamka anambandika wa tatu, hadi inafikiwa protini iitwayo ERK. ERK inaingia kwenye kiini na agizo: gawanyika. Hapo hatusemi tena siku. Tunasema dakika.

Kilichonifanya nikae wima kitini ni hiki. Seli nyingi zilizotulia hazina integrini hiyo kwa wingi. Seli za saratani nyingi zinayo tele, na mishipa midogo ya damu inayochipuka kwenda kuulisha uvimbe inayo pia. Yaani homoni ambayo sote tunatembea nayo kwenye damu, homoni isiyo na kosa lolote, inaweza kugonga mlango wa seli mbaya ikaambiwa karibu. Davis na wenzake walionyesha pia kwamba ndugu mmoja wa T4, molekuli iitwayo tetraki, anaweza kukaa kwenye kijishimo hicho hicho bila kusema kitu, T4 ikija ikakuta kiti kimekaliwa.

Niliandika haya yote mpaka saa tisa usiku. Nikahesabu: maneno 1,340. Nilitakiwa 1,200, na ya ziada hayalipwi. Nikakata aya ya mwisho.

Nimeitafuta baadaye, bado iko kwenye laptopu. Ilisema kwamba mengi ya haya yameonekana kwenye seli zinazokuzwa katika vyombo vya maabara na kwenye panya. Ilisema kwamba kwa mgonjwa wa saratani ya tezi yenyewe, kidonge cha homoni kinafanya kazi ya kuizuia saratani, na kwamba hakuna mtu anayepaswa kuacha dawa yake kwa sababu ya kusoma hapa. Niliikata kwa sababu niliona haina ladha. Nilidhani kila mtu anajua hivyo.

Asubuhi mteja akaweka kichwa chake mwenyewe: homoni inayolisha saratani. Nikalipwa shilingi elfu moja na mia mbili.

*

"Hii imekufikiaje?" nilimwuliza Mama.

"Binamu yako aliitupia kwenye grupu ya familia. Watu wakakupongeza sana. Shangazi yako akasema sasa tuna daktari."

Nilikumbuka hizo pongezi. Nilizijibu kwa vile vikono viwili vya kushukuru.

"Sasa mbona hukuniuliza, Mama?"

"Nikuulize nini, na umeshaandika?"

Nikanyamaza. Yeye akaendelea, neno kwa neno, kama anayatoa kisimani. "Nilikiacha siku hiyo hiyo. Wiki ya kwanza sikuona kitu. Ya pili pia. Nikasema, kumbe hiki kidonge kilikuwa cha bure."

Hiyo nayo ni baiokemia. T4 inatoka mwilini kwa uvivu: kila baada ya siku kama saba hupungua nusu. Ukiacha leo, wiki ijayo bado una nusu ya akiba, na inayofuata una robo. Mwili unakudanganya kwamba uko sawa. Baada ya wiki sita kimebaki kiasi cha sehemu moja ya sitini na nne, na hapo ndipo unatafuta sweta.

"Isitoshe," akasema, "si wao wenyewe waliwahi kuniachisha?"

Hili sikulitarajia, na lilikuwa kweli. Baada ya upasuaji, kabla ya kumpa iodini yenye mionzi, hospitali ilimwachisha vidonge kwa wiki kadhaa. Ikamwekea na masharti ya chakula: hakuna samaki, mayai wala maziwa, na hakuna chumvi ya dukani, kwa sababu chumvi ya Kenya huwekwa iodini kwa sheria. Nakumbuka kimanga alichokipika bila chumvi, jinsi tulivyokila sote kwa mshikamano na jinsi hakuna aliyeomba kuongezewa. Wakati huo pia alihisi baridi, akasahau majina yetu, akavimba uso. Na madaktari walifurahi. Walisema damu imefika pale walipotaka.

Kwa hivyo kichwani mwake hesabu ilikuwa safi. Kidonge kinalisha saratani, mtoto wangu amesema. Kukiacha kunasumbua lakini hakuui, hospitali yenyewe ilinionyesha. Ningekuwa mimi, nisingefikia jibu lingine.

"Halafu kulikuwa na hii." Akaingia chumbani akarudi na bahasha ya kaki, ile ya kuwekea eksirei, imekunjwa mara nne. Ndani kulikuwa na shilingi elfu sita na mia nne. Hakwenda kliniki Mombasa mwezi uliopita. Nauli, pesa ya vipimo na pesa ya vidonge vya mwezi, zote alikuwa ameziweka.

"Nilisema nikifikisha muhula mmoja nikupigie."

Nilizihesabu mara moja. Sikuweza kuzihesabu mara ya pili.

*

Tulikaa mezani na nikajaribu kueleza. Nilishawahi kueleza njia za ishara za seli mbele ya mhadhiri na kupata alama nzuri, lakini siku hiyo ndiyo niliyoogopa kufeli.

Nilimwambia hivi. Tezi ya shingo haijitawali. Kichwani, chini ya ubongo, kuna tezi ndogo kama punje ya njegere iitwayo pituitari. Kazi yake mojawapo ni kupima kiasi cha homoni ya thairoidi kwenye damu. Ikiona imepungua, inatuma homoni yake, TSH, yenye ujumbe kwa seli za tezi ya shingo: ongezeni kazi, ongezekeni na nyinyi wenyewe. Ikiona homoni imejaa, inanyamaza.

"Kama mimi na yule wa maembe wa Taveta," akasema Mama. "Maembe yakiwa tele kibandani simpigii. Yakiisha nampigia mpaka anachoka."

Ndiyo hivyo hasa. Sasa ile saratani ilianzia kwenye seli za tezi. Zimeharibika, lakini nyingi bado hazijasahau kazi zilikotoka: bado zina vipokezi vya TSH ukutani, na zikisikia TSH zinakua. Daktari wa upasuaji anatoa kila anachokiona, lakini hawezi kuapa kwamba hakuna hata seli moja iliyojificha. Ndiyo maana mgonjwa wa aina ya Mama hupewa T4 ya kutosha kujaza pengo, na mara nyingi ikaongezwa kidogo, ili pituitari ione kibanda kimejaa na isipige simu. Seli zilizojificha zinakaa kwenye kimya.

"Kwa hivyo kidonge si cha shingo tu."

"Cha kumnyamazisha wa kichwani."

"Na nikikiacha?"

"Anapiga simu usiku na mchana."

Akafikiri. Nilimwona akifika kwenye lile swali kabla hajaliuliza. "Sasa mbona hospitali waliniachisha? Walitaka apige?"

Walitaka apige. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi katika tiba hii yote, na inaudhi kwamba haikuingia kwenye makala. Seli za tezi, hata zile za saratani ambazo hazijasahau asili yao, zina mlango maalumu wa kuvuta iodini, na TSH ikipanda mlango huo unafunguka zaidi. Wakaacha TSH ipande makusudi, wakamnyima iodini kwenye chakula ili seli ziwe na njaa, kisha wakampa iodini yenye mionzi. Zilizojificha zikaikimbilia. Mionzi yake inachoma karibu tu na pale iliposimama, na nguvu yake hupungua nusu kila siku nane. Simu ile ile inayozikuza ndiyo iliyotumika kuziita mezani kula sumu. Lakini ilikuwa mtego wa wiki chache, na mlo ulikuwa tayari. Mara hii Mama aliwaita wageni peke yake, na hakukuwa na kitu cha kuwakomesha.

Akaniuliza kama basi niliandika uongo.

Ningependa kusema ndiyo, ingekuwa rahisi. Lakini sikuandika uongo. T4 inagonga ule mlango wa nje, hilo limeonyeshwa. Na kuna hadithi nyingine inayokwenda kinyume kabisa, nikamsimulia kwa sababu anafuga kuku. Kuna kirusi kinachowapa kuku saratani ya damu. Ndani yake kimebeba jeni ambayo zamani kiliiiba kutoka kwa kuku wenyewe. Mwaka 1986 makundi mawili, la Björn Vennström kule Heidelberg na la Ronald Evans kule California, yakagundua kwamba nakala ya asili ya jeni hiyo, ile ambayo kuku na sisi tunayo, ndiyo inayotengeneza kipokezi cha homoni ya thairoidi. Nakala ya kirusi imeharibika. Inakaa juu ya jeni kama kipokezi cha kawaida, lakini homoni ikija haiisikii. Seli za damu ambazo zingekomaa na kuacha kugawanyika zinabaki changa. Hapo saratani inasaidiwa na ukiziwi, kinyume cha ile integrini.

Kwa hivyo ukisema homoni hii inalisha saratani, una kweli kidogo. Ukisema inazuia saratani, una kweli kidogo pia. Inategemea seli gani, mlango upi, kiasi gani, na nani mwingine amepigiwa simu. Na saratani nyingine hazingoji simu ya mtu. Nyingi za papilari zina badiliko la herufi moja tu kwenye jeni ya BRAF, na protini inayotokana nayo hubaki imewaka muda wote, kama kitufe cha kengele kilichokwama, ikisukuma ishara kuelekea ERK ile ile bila kuhitaji mgeni mlangoni. Kidonge hakiwezi kukwamua kitufe hicho. Kinachoweza ni kutoongeza kelele nyingine juu yake.

Mama alisikiliza yote. Mwishoni akasema, "Ungeandika hivyo."

*

Jumanne baada ya Pasaka tulikwenda Mombasa. TSH yake, ambayo daktari alikuwa akitaka ibaki chini ya 0.5, ilikuwa 84. Daktari hakugomba. Aliuliza tu ni nani alimshauri kuacha dawa, na Mama, bila kunitazama, akasema alisahau. Nikasema ni mimi. Nikaeleza. Daktari aliandika kitu kwenye faili, sijui aliandikaje, kisha akamrudishia vidonge. Akaeleza kwamba kupita kiasi nako kuna gharama: homoni nyingi mno kwa miaka huusumbua moyo na kula mifupa ya kina mama wa umri wake, ndiyo maana kipimo hakiachwi hata mtu akijisikia vizuri.

Kulikuwa na kipimo kingine, cha thairoglobulini. Hii ni protini ambayo ni seli za tezi tu zinazoitengeneza, ziwe nzima au za saratani. Mtu aliyetolewa tezi yote na kuchomwa mabaki kwa iodini hatarajiwi kuwa nayo, au iwe kidogo isiyosomeka. Ya Mama mwaka jana haikusomeka. Safari hii ilisomeka. Ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo.

Daktari akasema tusikimbilie hitimisho. TSH ikiwa juu namna hiyo, hata seli chache zilizokuwa zimelala hupiga kelele, na zinaweza kulala tena. Tupime upya TSH ikishashuka, na hiyo itachukua wiki sita hadi nane, kwa sababu pituitari nayo haikubali haraka kwamba kibanda kimejaa. Tumepewa tarehe ya mwezi wa sita. Mpaka hapo hatuna jibu, na nikiandika haya bado hatuna.

Niliwaandikia wale wa tovuti. Niliwaomba wabadilishe kichwa na waongeze ile aya ya mwisho, bure, bila kulipwa. Wakajibu baada ya siku nne kwamba makala hiyo ni miongoni mwa zinazosomwa sana na kwamba haki zote ni zao. Niliwaandikia tena, mara hii nikaeleza kilichotokea kwa mama yangu. Kichwa wamekibadilisha kidogo, wameweka alama ya kuuliza mwishoni. Aya hawajaweka. Binamu yangu ameifuta kwenye grupu ya familia, na mimi nikaweka sauti ya dakika tano nikieleza, ambayo kwa alama za bluu naona watu watatu wameisikiliza.

Wenzangu tunaoishi kwa kuandika usiku, nyinyi mnajua. Leo ni bima, kesho ni kisukari, keshokutwa ni dawa ya presha, na hakuna anayetuuliza tumesomea wapi. Sisemi tuache, sijui ningekula nini. Nasema tu kwamba ile aya tunayoikata kwa sababu haina ladha, kuna mtu mahali fulani anaihitaji kuliko zile nyingine zote. Mimi wangu alikuwa Voi, na alikuwa ameniamini kuliko hospitali.

Bahasha nilimrudishia. Alikataa, nikaiacha ndani ya mkebe wa majani chai, chini ya vidonge, na sasa kila mmoja wetu anajifanya hajui iko pale.

Tumekubaliana jambo moja. Kila alfajiri, akishameza kidonge na maji, tumbo tupu, kabla ya chai, ananiflashi. Mlio mmoja, anakata. Mimi sipokei. Mara nyingi niko macho bado namalizia kazi ya mtu, na simu inawaka mezani kando ya laptopu: MAMA, halafu inazima. Jana ilichelewa mpaka saa kumi na mbili na dakika arobaini. Nilikuwa nimeshavaa viatu ilipolia.